Kompyuta ya gemu kwa anayeanza, hapa Tanga: OptiPlex 7060 ya mtumba na kadi ya GTX 1650

Kabla hujauliza bei ya kadi ya grafiki, mwombe muuzaji afungue ubavu wa kasha usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawasapulai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine. Wengi wanaoanza hapa Tanga hufanya kinyume chake. Wananunua kadi kwanza kwa sababu ndiyo yenye jina, kisha wanahangaika kutafuta mashine ya kuibeba. Kadi ikidai wati ambazo mashine haina, kompyuta itazima katikati ya gemu, na fundi atakubadilishia kila kitu isipokuwa kilichokosewa.

Tunachokipima hapa ni mchanganyiko mmoja tu: Dell OptiPlex 7060 iliyotumika maofisini huko nje, kasha kubwa la kusimama ambalo Dell wanaliita Tower, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-8500, RAM ya GB 16, SSD, na kadi ya GTX 1650 inayoongezwa juu yake. Ni kwa mwenye kati ya laki nane na milioni moja na kitu, ambaye kioo (monita) anacho au ataazima. Bei ya kila kipande hatuiandiki, maana inatembea na dola na na kontena lililoingia wiki hiyo. Ulizia maduka ya mjini na ya Ngamiani, kisha piga simu Kariakoo ulinganishe, ukikumbuka kuongeza nauli ya kifurushi mpaka stendi ya Kange.

Kwa nini kizazi cha nane

Muuzaji atakwambia: "Hii i7 kaka, inapiga kila gemu." Mara nyingi hiyo i7 ni 3770, prosesa ya mwaka 2012, ndani ya kasha jipya lenye feni za mataa ya rangi. Kinachosema ukweli ni tarakimu zinazofuata baada ya i5 au i7. 3770 ni kizazi cha tatu, 6500 cha sita, 8500 cha nane. i7 ya kizazi cha tatu ina koa nne (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) na inatumia RAM ya DDR3 ambayo huwezi kuihamishia kwenye mashine nyingine yoyote ya kisasa. i5-8500, ya mwaka 2018, ina koa sita halisi, inafika 4.1 GHz, na inakula wati 65.

Ila sababu kubwa zaidi ni Windows. Microsoft walisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya mashine. Zipo njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine za zamani, lakini gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu hazidanganyiki. Valorant, kwa mfano, kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine) viwe vimewashwa, la sivyo inakufungia mlango. Kwa hiyo ile OptiPlex 7050 inayouzwa kwa bei ya chini kidogo, yenye i5-7500 ya koa nne, iache dukani. Tofauti ya bei utailipa mara mbili baadaye.

OptiPlex 7060 huja na leseni ya Windows Pro iliyoandikwa ndani ya baiosi, programu ya msingi inayowasha mashine. Ukiifuta diski na kuweka Windows 11 Pro upya kutoka kwenye flashi, kwa kawaida inajiidhinisha yenyewe mara tu ikiona intaneti. Usikubali kutozwa hela ya "kuaktivesha".

Wati 260, wala si zaidi

Pawasapulai ya 7060 Tower ni ya wati 260. Ile nyembamba, SFF, ni ya wati 200, na sura yake nje inafanana sana na kubwa kwa asiyezoea. Piga hesabu: prosesa 65, kadi 75, na madabodi (bodi kuu), RAM, SSD na feni tuseme 30. Jumla ni kama 170. Kwenye kasha kubwa unabakiwa na nafasi ya kupumua. Kwenye SFF unabana, na juu ya hapo inabidi utafute kadi fupi ya nusu kimo, ambayo ni adimu zaidi na muuzaji analijua hilo. Kwa anayeanza, SFF tunaikataa.

Na usifikirie kwamba utabadilisha pawasapulai baadaye kirahisi. Viungio vya umeme vya madabodi hizi za Dell si vile vya kawaida vya pini 24, na HP wa maofisini nao wana vyao. Pawasapulai ya dukani haichomeki bila adapta maalumu. Kwa maneno mengine, ukinunua mashine hii umekubali dari ya wati 260 kwa maisha yake yote, na kadi yako ni lazima iishi chini ya dari hiyo.

Kadi

GTX 1650 ya toleo la GDDR5 (aina ya kumbukumbu ya kadi) inavuta wati 75 tu, na nyingi kati yake zinachukua umeme wote kwenye slotu yenyewe bila waya wa ziada. Hiyo ndiyo unayoitaka. Kuwa makini, kuna toleo la GDDR6 lililotoka 2020, na baadhi ya kadi hizo zina tundu la pini sita juu yake. Dell hii haina waya wa kulilisha tundu hilo. Chagua yenye feni moja, urefu wa sentimita 17 au pungufu, na bado uende na rula upime nafasi kuanzia bati la nyuma mpaka kwenye fremu ya diski.

Utashawishiwa na GTX 1050 Ti kwa sababu ni nafuu na haihitaji waya. Ilikuwa kadi nzuri ya mwaka 2016. Lakini NVIDIA wameshaviondoa vizazi vya 900 na 1000 kwenye draiva mpya za gemu, vimebaki na marekebisho ya usalama tu, wakati 1650 bado iko kwenye orodha. Utashawishiwa pia na RX 580 ya GB 8, ambayo kwa nguvu inaizidi 1650 wazi wazi. Hiyo inadai wati 185 na waya wa pini nane. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye adapta ya kutoka kwenye waya wa diski kwenda pini nane. Kiungio cha waya huo wa diski, yaani cha umeme wa SATA, kimeundwa kubeba kama wati 54 kwenye laini ya volti 12. Tundu la pini nane linaruhusiwa kuvuta 150. Plastiki inaanza kubadilika rangi, inalainika, kisha harufu inajaa chumbani. Adapta hiyo usiichomeke hata kwa kujaribu.

Kadi feki zipo, na zinasafiri kama nyingine. Kadi ya zamani kabisa huandikwa upya programu yake ya ndani ili Windows iione kama GTX 1650 au 1050 Ti. Ishara ya kwanza ni tundu la bluu la VGA: GTX 1650 halisi hutoa picha kwa HDMI, DisplayPort au DVI ya kidijitali. Ishara ya pili utaipata kwa GPU-Z, programu ndogo ya bure inayokaa kwenye flashi. Kwa kadi nyingi feki inaandika neno FAKE mbele ya jina. Ikinyamaza, angalia wewe mwenyewe: chipu iwe TU117, vichakato 896, kumbukumbu GB 4. Ukiona vichakato 192, mrudishie mwenyewe kadi yake na umtakie biashara njema.

RAM na diski

Hapa hakuna mengi. Vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja. Viweke kwenye nafasi zenye vishikizo vya rangi moja, kisha fungua CPU-Z uhakikishe imeandika Dual. RAM ya 3200 itafanya kazi ila itashuka mpaka 2666, ndiyo mwisho wa prosesa hii, kwa hiyo usilipie kasi usiyoitumia. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili unde. Mashine ya mtumba inayokuja na GB 16 tayari ndani inastahili nyongeza ya bei, usiichukue ya GB 8 ukidhani utaongeza kesho kwa hela ndogo.

SSD iwe ya NVMe, ile kama kijiti inayobanwa kwenye madabodi, GB 500 kwenda juu. GTA V peke yake inakaribia GB 100. Ikiwa unategemea bando la simu, chukua gemu kwa mwenzako: nakili folda yake iliyomo ndani ya steamapps/common kwenye diski ya nje, iweke mahali hapo hapo kwako, kisha iambie Steam isakinishe. Itakagua mafaili yaliyopo na kushusha yaliyopungua tu. Akaunti yako ni lazima iwe na gemu hiyo. Skrubu ndogo inayobana SSD ya NVMe kwenye madabodi hupotea sana kwenye mashine za mtumba, basi iulizie kabla hujalipa, maana kuipata mtaani ni kazi.

Nusu saa dukani

Nenda na flashi yenye CPU-Z, GPU-Z, CrystalDiskInfo, HWiNFO (inayosoma joto) na FurMark (inayoichosha kadi kwa makusudi). Washa mashine na ugonge F2 uingie kwenye baiosi. Ikidai nywila, usinunue. Mashine nyingi zilitoka kwenye makampuni zikiwa zimefungwa, na bila nywila hiyo huwezi kuwasha Secure Boot wala kubadilisha chochote. Ukishaingia, angalia tarehe. Kama iko miaka kadhaa nyuma, betri ya CR2032 imekufa, jambo dogo, lakini likupunguzie bei. Hakikisha TPM iko On.

CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya SSD kwa asilimia na saa ilizotumika. Kisha washa FurMark kwa dakika 15 huku HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Kadi ikae chini ya nyuzi 80. Ikipanda mpaka 85 na zaidi, au picha ikitoa vidoa vya rangi, kadi imechoka au pesti yake ya kupitisha joto imekauka. Muuzaji akisema "hapa hatuna muda wa kupima", na wewe huna muda wa kununua. Risiti iwe ya EFD na iandikwe namba ya utambulisho (serial number) ya mashine na ya kadi, siyo "CPU 1" tu. Dhamana ya mdomo inaisha ukivuka kizingiti.

Kama mzigo unatoka Dar, kadi isisafiri ikiwa imechomekwa ndani ya kasha. Njia ya Chalinze, Segera mpaka Muheza ina matuta ya kutosha kuing'oa slotu kwenye madabodi, au kupinda bati la kadi. Iombe ifungwe peke yake kwenye mfuko wake wa kuzuia umemetuamo, ndani ya boksi lenye sponji.

Kuifunga

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kasha kabla hujagusa kadi. Fungua lachi ya nyuma, toa vibati viwili, sukuma kadi kwenye slotu ndefu mpaka usikie mlio wa kishikizo. Isipolia, haijakaa, na nusu ya malalamiko ya "kadi haionekani" yanamalizikia hapo. Nusu nyingine ni kebo ya kioo kuachwa kwenye tundu la madabodi. Ihamishie kwenye kadi. Kioo cha zamani chenye VGA tu kitahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, si waya mtupu wa bei ya maji. Na soma azimio la kioo hicho nyuma au kwenye Windows. Vingi vya mtumba ni 1600 kwa 900 au 1680 kwa 1050, jambo ambalo kwa GTX 1650 ni nafuu, kwa sababu ina vidoti vichache vya kuchora.

Ukiwa umefungua kasha, badilisha pesti ya prosesa. Ya kiwandani imekaa tangu mashine ilipotoka. Washa mashine dakika tano ipate joto, zima, chomoa waya, legeza skrubu nne za kipoza kwa mtindo wa msalaba, futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, na ubane tena kwa msalaba. Nyuzi kumi hivi kushuka si ajabu.

Umeme, joto na chumvi

Hili ndilo linaloitofautisha Tanga na video zote utakazotazama. Ukiwa Raskazone, Sahare au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani, chumvi inaingia pamoja nao. Kwenye mashine iliyokaa kwa mtu mwingine mjini hapa, tazama vichwa vya skrubu za nyuma na matundu ya USB. Kutu ya kahawia kwenye bati ni uzee wa kawaida, lakini ukungu wa kijani au mweupe kwenye miguu ya shaba ya madabodi ni mashine inayooza polepole. Iliyoshuka kwenye kontena juzi ni salama zaidi kwa hili kuliko ya jirani.

Kwako, ipandishe mezani, iwe mbali na dirisha, na uipige brashi kavu kila mwezi. Usiipeleke kwenye gereji ipulizwe na kompresa ya kujazia matairi. Tangi lake hukusanya maji, na upepo ule unakuja na matone pamoja na mafuta. Unapopuliza feni kwa kitu chochote, ishike kwa kidole isizunguke. Miezi ya Januari mpaka Machi chumba kikipita nyuzi 32, ongeza tofauti ya nyuzi kati ya chumba chako na duka lenye kiyoyozi kwenye kila kipimo ulichokipata dukani.

Kuhusu umeme, tafuta UPS (betri ya akiba) ya VA 650 yenye kirekebisha volti. Inatosha kwa mashine ya wati 170 na kioo, na betri yake itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, siyo za kumaliza mechi. Kile kifaa cha kulinda friji kinaweza kuikinga mashine na umeme uliopanda, lakini kinakata bila kuaga, na SSD iliyokuwa inaandika haitakushukuru.

Halafu kuna ile hali ya kugusa kasha ukahisi linawashawasha vidole. Watu wanasema mashine ina shoti. Mara nyingi mashine ni nzima, nyumba ndiyo haina waya wa ardhi, au plagi ya pini tatu imepitishwa kwenye adapta ya pini mbili. Vichujio vilivyomo ndani ya pawasapulai vinapeleka mkondo mdogo kwenye bati, na bila ardhi haupati pa kwenda isipokuwa kwako. Si wa kuua kwa kawaida, lakini unaweza kuchoma tundu la HDMI unapochomeka kebo huku vyote vimewaka. Mwite fundi umeme azike fimbo ya ardhi (earth rod), ni kazi ya nusu siku.

Inacheza nini

eFootball inakwenda vizuri, Valorant inapita fremu 60 kwa sekunde kwa mbali, GTA V ile ya zamani kwenye 1080p inakaa juu ya 60 ukiweka mipangilio ya kati kwenda juu. Cyberpunk 2077 inafunguka, ila utashusha kila kitu chini na kuridhika na fremu thelathini na kitu. Kizuizi ni GB 4 za kumbukumbu ya kadi: ukipandisha ubora wa maumbo (textures), gemu inaanza kukwamakwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Na gemu mpya zinazodai ray tracing (uchoraji wa mwanga unaoiga uhalisia), kama Indiana Jones and the Great Circle, hazitafunguka kabisa. Kama hizo ndizo ulizozitamani, mashine hii si yako.

Basi ingekuwa ipi? Ryzen 5 5600G kwenye madabodi ya A520 au B550, vijiti viwili vya DDR4 3200, na pawasapulai ya kweli ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze. Prosesa hii ina grafiki yake ndani, kwa hiyo unaanza bila kadi, ukicheza gemu nyepesi kwa 720p, na siku hela ikipatikana unachomeka RX 6600 ya GB 8 inayovuta wati 132. Usichanganye na Ryzen 5 5500 wala Core i3-12100F, hizo hazina grafiki ndani, na bila kadi utaangalia kioo cheusi. Madabodi ya B450 nayo ihakikishe imeshasasishwa baiosi, la sivyo haitaitambua 5600G na hutakuwa na prosesa nyingine ya kuisasishia. Kwa kuwa vipande vyote ni vya kawaida, kila kimoja kinabadilishika peke yake miaka ijayo, kitu ambacho Dell hatakupa. Ila mwanzo wake ni ghali zaidi, hasa kwa RAM ya siku hizi.

Kwenye njia hiyo ndiko utakakokutana na pawasapulai zilizoandikwa 750W zenye uzito wa boksi tupu. Soma mstari wa +12V kwenye karatasi yake, zidisha ampea kwa 12. Ikiwa ni ampea 18, hizo ni wati 216, hata kama ubavuni wameandika elfu moja. Na kama nyuma yake kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, isogeze mwenyewe kwenye 230 kabla ya kuichomeka ukutani. Ikiwa kwenye 115 italipuka papo hapo, na hakuna muuzaji atakayekurudishia.

Uamuzi wetu: kwa milioni moja na anayetaka kucheza wiki hii, chukua 7060 Tower na GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Ukikuta OptiPlex 5060 Tower yenye i5-8500 hiyo hiyo kwa bei ndogo, ichukue bila kusita, mradi baiosi ifunguke na ubavu ufunguliwe mbele yako.